Wapagazi Wasio na Viini

Kitendawili kabla ya habari: nchi nzima inatembea, na wananchi waliomo hawajui inakwenda wapi. Mwenye kujua ajibu, asiyejua atoe mji tuendelee. Jibu lake ni mwili. Na habari hii ni ya nchi moja ya namna hiyo, ambayo jina lake halitatajwa, maana ina masikio mawili na yote yanasikia. Wenyewe wanaiita Mwilini, na hivyo ndivyo tutakavyoiita.

Wananchi wa Mwilini ni chembe. Ni wadogo mno lakini ni wengi, na kila mmoja huzaliwa na kitabu. Kitabu hicho hutunzwa ndani ya nyumba, kwenye chumba kiitwacho kiini, na kimeandikwa mambo yote ya nchi: namna ya kudunda kama moyo, namna ya kuota kama ukucha, namna ya kupika nyongo, hata rangi ya macho. Kitabu ni kile kile kwa wote, mkubwa na mdogo. Ila tangu enzi za mababu palikuwa na makubaliano kwamba kila mtu atasoma ukurasa wake tu. Aliyepangiwa ukurasa wa moyo alisoma wa moyo, akafunga kitabu, akaenda kudunda. Wa ngozi akasoma wa ngozi. Hakutokea mtu akasema, mimi nimekimaliza chote, nipeni cheo.

Waliosoma ukurasa mmoja walijenga pamoja, ukuta kwa ukuta, wakawa kijiji. Mashuleni kijiji kama hicho huitwa tishu. Lakini kijiji kimoja hakijitoshi. Pale Tumboni palikuwa na kijiji cha wenye misuli wanaosukuma chakula, na kijiji cha wanaotoa maji makali ya kukilainisha, na kijiji cha wanaotandaza ute ili maji makali yasiwaunguze wenyeji. Hawa wa ute hakuna aliyewahi kuwasifu, na wakilala siku moja tu tumbo linajila lenyewe. Vijiji vya namna hiyo vikishikana huwa mkoa, ndio hiyo wanayoiita ogani, na mikoa ikishikana ndiyo nchi. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka bila kikao hata kimoja, jambo ambalo baadaye lilikuja kuonekana kuwa kasoro kubwa sana.

Sasa katika nchi hiyo alikuwako mama mmoja, Bi Siwema, mpagazi wa damu. Wapagazi ni wekundu, wamebonyea katikati kama godoro lililolaliwa na mtu mmoja miaka mingi, na kazi yao ni moja: kupakia hewa safi Mapafuni, kupita Moyoni wasukumwe, na kuifikisha hewa kila pembe. Wana desturi yao. Mpagazi akiwa bado kigoli huko Ubohoni, ndani ya mifupa wanakozaliwa, akishausoma ukurasa wake hukitoa kiini chake, kitabu na chumba chake, akakitupa nje. Si ujinga. Nyumba ni ndogo na mzigo ni mkubwa, na kila kinachobaki ndani kinakaa mahali pa pumzi ya mtu. Bibi zake Siwema walifanya hivyo, na yeye alipofanya alipigiwa vigelegele.

Lakini asiye na kitabu hawezi kujikarabati. Akichubuka ndiyo basi tena. Kwa hiyo mpagazi huishi miezi minne, kisha huenda Bandamani, ambako hupokewa na kufumuliwa polepole, na chuma kilichokuwa ndani yake hurudishwa Ubohoni kiwafae wapagazi wachanga. Wao wenyewe huita kupumzika. Bi Siwema alikuwa amebakiza siku mbili apumzike. Magoti hakuwa nayo, na kama angekuwa nayo yangemuuma. Alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu akiulizwa "hujambo" hutafuta kwanza ukuta wa kuegemea.

Mzigo wake wa mwisho aliuchagua mwenyewe. Ulikuwa wa Kidoleni, kidole kidogo cha mguu wa kulia, mwisho kabisa wa nchi. Huko aliishi Mzee Ngwali, chembe wa msuli, aliyekuwa akimpokea tangu ujana wake, na hawakuwahi kupokeana mzigo bila kutegeana kitendawili.

*

Wiki hiyo Kichwani walikuwa wamekaa kikao. Mvua zilizopita vijidudu wageni walikuwa wameingia kupitia pembe ya ukucha. Askari weupe wakapambana nao siku tatu, usaha ukatoka, jambo likaisha. Lakini Kichwani jambo haliishi, huundiwa tume. Tume ikakaa, ikanywa sukari nyingi ya nchi, ikaja na maneno.

Maneno hayo yalisomwa na Mheshimiwa Fikirini, Msemaji Mkuu, chembe wa ubongo ambaye tangu azaliwe hajawahi kutoka nje ya fuvu. Yalipelekwa kwa njia ya neva mpaka kucha zikasikia.

"Wananchi watukufu, wa juu na wa chini," alisema Mheshimiwa. "Serikali yenu sikivu, iliyowekwa juu ya mabega kwa mapenzi ya maumbile, imebaini kwamba wamo miongoni mwetu viumbe wanaokula, wanaotembea, na hata wanaobeba, pasipo kujulikana ni akina nani. Hali hii haivumiliki. Kuanzia sasa mwananchi halali ni mwenye kiini, na ndani ya kiini awe na kitabu, na kitabu kisiwe kimekunjwa pembe. Asiye na kiini hatambuliki. Asiyetambulika hapiti. Na asiyepita asiilaumu njia, ajilaumu yeye na wazazi wake."

Mikono ikaamrishwa kupiga makofi, ikapiga.

Ilikuwa sheria nzuri, na iliandikwa kwa lugha nzito. Ilikuwa na upungufu mmoja mdogo tu, kwamba katika kila wananchi kumi wa Mwilini, wanane ni wapagazi wa damu, na wote wanane walikuwa wamekwisha kutupa viini vyao ili nchi ivute pumzi. Kichwani hawakuligundua hilo, na si vizuri kuwalaumu, maana ubongo unahisi maumivu ya kila mtu isipokuwa yake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo ana mengi ya kufikiria.

Jambo moja walilikumbuka. Wapagazi wanaopeleka mizigo Kichwani walipewa kibali maalumu cha kutohakikiwa, kwa sababu ya unyeti wa shughuli za huko. Kichwa ni kipande kidogo tu cha nchi, lakini hewa yote ikigawiwa mafungu matano, fungu moja zima ni lao.

Vizuizi vikawekwa njia za chini. Cha mguu wa kulia kiliwekwa Gotini.

*

Bi Siwema alifika Gotini asubuhi, mzigo umejaa, akakuta foleni imegeuka kona mbili. Kizuizini alikaa Afisa Mhakiki, Bwana Vuai, chembe wa mafuta aliyehamishiwa pale kutoka Kiunoni kwa kujuana. Alikuwa mpana sana, na alikaa katikati ya njia, hivyo kazi ya kuzuia ilikuwa nusu imefanyika kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kiini."

"Sina."

"Umekisahau nyumbani?"

"Nyumba ndiyo hii unayoiona. Nilikitoa nilipokuwa kigoli."

"Ukampa nani?"

"Nilikitupa."

Bwana Vuai akaandika, huku akisoma kwa sauti anachoandika: "Amekiri kutupa nyaraka za serikali." Kisha akainua uso. "Kwa nini, mama? Mtu mzima kama wewe."

"Nipate pa kubebea."

"Kubebea nini?"

"Hewa, baba. Hiyo unayovuta hapo ulipokaa."

Bwana Vuai akavuta kidogo, akaionja. "Hii ni ya ofisi," akasema.

Nyuma, kwenye foleni, mtu akacheka akajifanya anakohoa. Ukutani mwa njia ile ilipita neva, chembe mmoja mwembamba mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, kichwa chake kiko Mgongoni na ncha yake iko Kidoleni, na kila habari ya Kidoleni ikipita ndani yake walio karibu husikia. Ndipo wakasikia habari inapanda: *Kidole kinawaka moto. Hewa haijafika.* Baada ya muda ikapanda nyingine: *Kidole kinachomwa sindano. Hewa haijafika.*

"Wasikie hao," Bi Siwema akasema. "Niache nipite, nishushe, kisha nirudi unihakiki mpaka uchoke."

"Mama, mimi na wewe tutaelewana, utaratibu ndio hautatuelewa."

"Basi nikutegee. Kitendawili."

Bwana Vuai akatazama huku na huku. Hakuna mtu wa nchi ile, hata awe na cheo gani, anayeambiwa kitendawili akanyamaza. "Tega," akasema kwa chini.

"Anakula kwangu asubuhi na jioni, kisha ananiuliza mimi ni nani."

Bwana Vuai akafikiri. Akataja kupe, akataja mchumba, akataja minyoo ya tumbo. Akashindwa. "Haya, chukua mji. Nakupa Ini."

"Ini lina kazi nyingi, nitaliweza wapi na uzee huu?"

"Nakupa Kiuno, basi. Kule najulikana."

"Kiuno nimekipokea. Jibu ni Kichwa."

Afisa akazibana karatasi zake kifuani. "Mama, usiliseme hilo hapa. Neva hiyo hapo ukutani, inapeleka kila kitu."

Na neva kweli ilikuwa imepitisha kitu, lakini safari hii kilikuwa kinashuka, taarifa kutoka kwa Mheshimiwa Fikirini. Ilisema kwamba tangu uhakiki uanze, malalamiko kutoka Kidoleni yamepungua, na kwamba dakika chache zilizopita yamekoma kabisa, kwa asilimia mia moja, jambo linaloonyesha jinsi wananchi wa pembezoni walivyoipokea sheria kwa utulivu.

Bi Siwema akasikiliza neva. Kweli hakukuwa na kitu kinachopanda. Yeye alikuwa mama wa safari nyingi, na alijua kidole kinapoacha kulia kimefika wapi. Kwanza huja moto, halafu sindano, halafu ganzi, na baada ya ganzi ni weusi, na weusi haurudi nyuma.

"Sikiliza, mama," Bwana Vuai akasema, na sauti yake ikawa ya kirafiki. "Nakuona umechoka. Mimi si mtu mbaya. Nina fomu hapa, namba tisa, Fomu ya Mgeni Aliyejitambua. Unatia saini kwamba hukuzaliwa humu nchini. Unauweka mzigo hapo pembeni. Mimi nakupa hati ya kupumzika, leo hii hii, hungoji siku mbili. Unapanda zako Bandamani, wanakupokea kwa heshima zote za mgeni."

"Na mzigo?"

"Utaharibika, lakini kwa utaratibu."

"Na nikienda zangu bila hiyo fomu?"

"Utakuwa huna karatasi yoyote. Bandamani wameshapewa waraka. Asiye na karatasi hapumzishwi." Akaisogeza fomu. "Ifikirie. Ila usifikirie sana, kufikiri kuna wenyewe."

Bi Siwema akaishika fomu. Ilikuwa nyepesi, na mzigo ulikuwa mzito. Ni aibu kusema, lakini kweli ni kweli: aliitazama fomu ile kama mgonjwa anavyotazama kitanda. Miezi minne alikuwa hajakaa. Wapo wenzake waliolala njiani wakaganda, lakini yeye hata kuegemea hakuwahi. Saini moja, na angefumuliwa leo, awe mwepesi, chuma chake kimfae mtoto wa watu. Ila wangemwandika mgeni. Na Kidoleni Mzee Ngwali alikuwa ameacha kulia.

Akairudisha.

"Kalamu imekataa?" Bwana Vuai akauliza.

"Kalamu haina neno," Bi Siwema akasema. "Ngoja nikajinyooshe hapo pembeni, mwanangu. Ganzi imenishika."

*

Kila nchi yenye kizuizi ina njia za panya. Gotini ziko nyingi, mishipa myembamba inayozunguka nyuma ya kifundo cha mfupa na kutokea chini yake, haijawahi kuchorwa kwenye ramani ya Kichwani kwa sababu hakuna mkubwa aliyewahi kupita. Ni myembamba kuliko mpagazi mwenyewe. Mwenye kiini akiingia humo hujikunja mpaka pale kiini kinapokataa, akakwama kama kokwa la embe kwenye koo. Mpagazi hana kinachokataa.

Bi Siwema akajikunja kama chapati. Akiwa msichana aliingia vichochoro vile kwa kuimba. Sasa ngozi yake ilikuwa kavu, kila kona ilimkwaruza, na alijua wazi kwamba anachokwaruzwa hakitaota tena. Akapita wa kwanza, akapumua. Akapita wa pili. Kwenye wa tatu akakwama, akabaki pale hewa ya watu ndani yake, akisema moyoni, Siwema, ungetia saini sasa hivi ungekuwa umelala.

Kitu kikamsukuma kwa nyuma.

"Nani?"

"Mimi tu, mama. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni."

"Na nyuma yako wewe yuko nani?"

"Foleni."

Wakasukumana wakatoka.

Kidoleni kulikuwa kimya, na baridi, na rangi ya mahali haikuwa rangi ya mahali. Wale wa msuli walikuwa wamelala ukuta kwa ukuta kama walivyojengwa, hakuna aliyemwachia mwenzake, hakuna aliyekunja wala kunyoosha. Bi Siwema akaenda mpaka mlango anaoujua, akabisha.

"Hodi."

Mlango haukufunguliwa.

"Ngwali. Kitendawili."

Kisha ikaja sauti ndogo sana, ya mtu anayejibu kwa mazoea tu wakati yeye mwenyewe hayupo. "Tega."

"Wa kwanza kujikwaa, wa mwisho kukumbukwa."

"Nimeshindwa, Siwema. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Kichwa."

"Sikitaki. Kina maneno mengi."

"Basi sema jibu. Nina usingizi."

"Usilale. Jibu ni wewe, na kidole chako hiki. Fungua mlango nishushe."

"Nguvu za kufungua sina."

"Basi nitashusha kizingitini, ipenye yenyewe."

Akashusha. Hewa haina haja ya kufunguliwa, inajipenyeza ukutani, ikaingia kwa Ngwali, na iliyozidi ikavuka kwa jirani yake, na kwa jirani wa jirani. Nyuma ya Bi Siwema foleni nzima ya Gotini ilikuwa inatokea vichochoroni mmoja mmoja, imechubuka, ikishusha na kupita, ikishusha na kupita. Rangi ya mahali ikaanza kurudi. Karibu na ukucha kijiji kimoja cha ngozi kilipigiwa hodi mara tatu na hakikuitika. Wapagazi wakakipita taratibu, wameinamisha nyuso.

"Umechelewa," Mzee Ngwali akasema alipoweza.

"Nilikuwa nahakikiwa."

"Wameona nini?"

"Kwamba sipo."

Ngwali akacheka, na kucheka kwake kukamkunja, naye ni msuli, na jirani zake wakakunjika pamoja naye kwa sababu wameshikana, na kidole kizima kikatikisika.

*

Mtu aliyewahi kukalia mguu wake anajua ganzi inavyotoka. Damu ikirudi, kidole hakisemi ahsante, kinapiga kelele. Neva ilibeba kelele hizo zote mpaka juu, na Kichwani wakashtuka, maana walikuwa wamekwisha kuandika kwamba Kidoleni ni shwari.

"Kumezuka uchochezi Kidoleni," akatangaza Mheshimiwa Fikirini. "Wananchi waliokuwa wametulia wameanza kuwashwa na watu wasiowatakia mema. Mkono wa kulia unaelekezwa kwenda kukisugua kidole hicho mara moja."

Mkono ukaenda ukakisugua. Kusuguliwa kukaongeza damu, kidole kikazidi kupata nafuu, na serikali ikajipongeza kwa kuchukua hatua kali kwa wakati.

Gotini, Bwana Vuai alikaa siku nzima hakuona mpagazi hata mmoja mbele yake, wote walikuwa wanapita nyuma. Akaandika ripoti kwamba katika kituo chake wasio na viini wamekwisha kabisa. Ripoti ikasomwa Kichwani kwa furaha. Kizuizi kikaondolewa kwa sherehe, baada ya kufikia malengo yake, na Bwana Vuai akapandishwa cheo, akarudishwa Kiunoni akaongezeke.

Sheria yenyewe hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

*

Siku zake mbili zilipotimia Bi Siwema alipanda Bandamani. Alikwenda mikono mitupu, anayumba, akawa anajisemea yale majina ya wapagazi wachanga aliowahi kuwaona wakitoka Ubohoni, akijiuliza ni nani atakayepata chuma chake.

Mlangoni alimkuta karani, Bwana Pandu, amekaa nyuma ya meza, daftari mbele yake, na hana kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kupumzika."

"Jina?"

"Siwema, wa Uboho wa paja la kushoto."

Bwana Pandu akafunua kurasa, akafunua, akafika mwisho, akarudi mwanzo. "Daftarini humo, bibi."

"Mimi nimo Mwilini miezi minne."

"Sheria inasema asiye na kiini si mwananchi. Asiye mwananchi hakuzaliwa humu. Asiyezaliwa hazeeki. Na mimi kazi yangu ni kupokea wazee tu." Alisema yote hayo pasipo ukali, kama mtu anayesoma bei za sokoni kwa mgeni.

"Nitazame basi."

Bwana Pandu akamtazama, ngozi ile iliyokwaruzika, ule mwendo. "Kwa macho nakuona umechakaa. Kwa karatasi hujaanza."

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Kaa hapo na wenzako."

Bi Siwema akageuka akawaona. Ukumbi wa Bandama ulikuwa umejaa wapagazi wazee, wengine wapo tangu siku ya waraka, wameegemeana, hakuna anayefumuliwa na hakuna anayeondoka. Akatafuta upenyo akakaa. Kila siku walikuja wengine. Kuta za Bandama zikaanza kunyooka, kisha zikaanza kutokeza, mpaka Tumbo, jirani yake, akalalamika kwamba anasukumwa kitandani.

Habari ikafika Kichwani.

"Ninayo furaha kulitangazia taifa," alisema Mheshimiwa Fikirini, "kwamba mkoa wa Bandama, katika kipindi hiki kifupi cha uongozi wetu, umekua na kuwa mara mbili ya ulivyokuwa. Hakuna Bandama iliyowahi kukua kwa kasi hii. Wanaosema kwamba nchi hairidhishi waende wakaipapase."

Ubohoni nako wakaleta barua. Waliandika kwamba chuma kimekwisha, na bila chuma cha wazee hawawezi kuzaa wapagazi wapya, wasaidiwe. Tume ikakaa. Majibu yakaja kwa utaratibu mzuri: wapagazi wapya watazaliwa pindi wazee watakapopumzishwa, wazee watapumzishwa pindi watakapoandikishwa, wataandikishwa pindi watakapoleta viini vyao. Kwa sasa, ili nchi isikose hewa, wazee wote warudi kazini.

Bwana Pandu aliusoma waraka huo ukumbini mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyejishughulisha kusikia. Alipomaliza akaufunga, akakaa. "Mimi nimesoma tu," akasema.

"Hatukulaumu, mwanangu," Bi Siwema akamjibu. "Nyanyua hiyo meza tupite."

Akainuka. Mgongo uliobonyea ulikuwa umekauka ukawa mgumu. Wengine wakainuka nyuma yake, polepole, wakitoka kwa mlango walioingilia. Mapafuni hakuna aliyewauliza jina. Waliambiwa wageuke, wakageuka, wakapakiwa.

Kisha wakaingia Moyoni. Wafanyakazi wa Moyo walikuwa mahali pao, wameshikana mikono kijiji kizima, wakibana pamoja na kuachia pamoja. Bi Siwema alipofika katikati yao akasita kidogo, mzigo umejaa.

"Wanangu, nimechoka," akasema.

"Hata sisi, mama," wakamjibu wote kwa pamoja, wakabana.